Sheria Ipo, Mafuta ya Gari Hakuna

Mwaka 2006 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono, mswada uliopiganiwa na Njoki Ndung'u, wakati huo akiwa mbunge mteule. Ndani yake utalii wa ngono unaowahusisha watoto ulipewa kifungu chake peke yake, na adhabu isiyopungua miaka 10 gerezani. Desemba ya mwaka huo huo serikali na UNICEF zilichapisha utafiti uliofanywa Mombasa, Kwale, Kilifi na Malindi, na hesabu zake zilitisha. Wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa maeneo hayo walikuwa wakiingizwa katika ngono ya malipo mara kwa mara, yaani hadi asilimia 30 ya wasichana wa miaka 12 hadi 18. Watoto wengine kati ya 2,000 na 3,000, wasichana kwa wavulana, walikuwa humo mwaka mzima. Habari iliyoshika vichwa vya watu ilikuwa ya Waitaliano, Wajerumani na Waswisi, na kweli walikuwemo, kwa asilimia 18, 14 na 12. Lakini kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa waliolipa, asilimia 38, lilikuwa la Wakenya. Msomaji aishike hesabu hiyo ya mwisho, maana nitairudia.

Tangu hapo hatujakaa bure kwa upande wa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na kila aina ya ukatili. Sheria ya kukabiliana na ulanguzi wa binadamu ya mwaka huo huo inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Mwaka 2018 ikaja sheria ya uhalifu wa mitandaoni, ikigusa moja kwa moja picha chafu za watoto, na mwaka 2022 Sheria mpya ya Watoto. Mtu akiuliza kama sheria zinatosha, jibu ni kwamba zinatosha. Swali lililobaki ni la bajeti: nani analipia kazi iliyo katikati, tangu mtoto anapofikishwa kituoni hadi siku hakimu anaposoma hukumu? Kwa maoni yangu kazi hiyo haijawahi kutengewa fedha zenye jina lake, na pengo hilo limekuwa likizibwa na watu wawili wasiopaswa kulibeba: mzazi maskini wa kijijini na mfadhili wa ng'ambo.

Tuchukue mfano. Mtoto wa Marafa, au wa vijiji vya ndani vya Ganze, ameumizwa usiku wa disko matanga, ile ngoma ya msibani ambayo machifu wa Kilifi wameipiga marufuku mara nyingi na bado inarudi. Saa zinaanza kuhesabiwa. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanzwa kabla ya saa 72, na sampuli za mwilini hupotea kadiri muda unavyokwenda. Nauli ya bodaboda hadi kituoni anaitoa mama. Kituoni panahitajika fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, ambayo inapaswa kutolewa bure. Hospitalini panahitajika fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, mhudumu aliyefunzwa kuijaza, na bahasha za karatasi za kutilia sampuli zilizokaushwa, kwa sababu plastiki hushika unyevu na ushahidi ukaoza. Bahasha hiyo ni kitu cha bei ndogo sana. Isipokuwepo, mhudumu hutumia alichonacho, na mwaka mmoja baadaye wakili wa utetezi atakuwa na haki kabisa ya kuuliza ushahidi ulihifadhiwa vipi, ulitoka mkono gani ukaingia mkono gani, na tarehe ngapi. Kisha bahasha lazima isafiri hadi kwa Mkemia wa Serikali mjini Mombasa, kilomita kama 120 kutoka Malindi. Haiwezi kukabidhiwa kondakta wa matatu kama kifurushi cha maembe. Ni lazima iende na askari, na askari anahitaji gari, na gari linahitaji mafuta. Hapo ndipo mama yule yule aliyelipa bodaboda anapoambiwa achangie.

Asipokuwa nacho, sampuli inakaa. Wiki zikipita, jamaa za mtuhumiwa huja nyumbani jioni pamoja na wazee, na wao wanakuja na bahasha ya aina nyingine. Tumezoea kuwalaumu wazazi wanaokubali kumalizana nyumbani, na kosa lao ni kosa, kwani unajisi si ugomvi wa mpaka wa shamba. Lakini mzazi aliyeuza kuku ili afike mahakamani, akaambiwa daktari hakuja, akauza mbuzi ili arudi, akaambiwa faili haijaletwa, amefundishwa na nani kwamba haki inapatikana kortini? Hakuna mila iliyomfundisha hivyo. Ni nauli aliyoilipa mara tatu bila kusikilizwa. Ukitaka familia ziache kupatana na wahalifu, njia ya polisi na mahakama lazima iwe nyepesi kuliko njia ya mkeka wa wazee, na leo kwa watu wengi wa Magarini na Kaloleni si nyepesi.

Umri nao una gharama yake. Mahakama ya Rufani ikiketi hapa hapa Malindi, katika rufaa namba 504 ya mwaka 2010, ilieleza kwamba umri wa mtoto ni sehemu ya msingi ya kosa la unajisi na ni lazima uthibitishwe, kwa kuwa adhabu inategemea umri: kifungo cha maisha mtoto akiwa na miaka 11 au chini, kisichopungua miaka 20 akiwa na 12 hadi 15, kisichopungua 15 akiwa na 16 hadi 18. Ni msimamo wa haki, kwani mtu hafungwi miaka 20 kwa kukisia. Lakini mtoto aliyezaliwa nyumbani na asiye na cheti cha kuzaliwa atahitaji kupimwa meno na daktari, daktari huyo aandike ripoti, na siku ya kesi aache wagonjwa wake aje kuitetea ripoti hiyo. Kila hatua inadai mshahara wa mtu, muda wa mtu na usafiri wa mtu. Kesi haihitaji uongo ili ianguke. Karatasi moja ikikosekana inatosha.

Ongeza sasa simu ya mkononi. Utafiti wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kati ya asilimia 5 na 13 ya watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamedhulumiwa kingono kupitia mtandao katika mwaka mmoja tu uliotangulia. Hao ni pamoja na wa Kilifi, kwa sababu mtandao haukai Nairobi peke yake. Kituo cha Marekani kinachopokea taarifa za kampuni za intaneti kuhusu dhuluma dhidi ya watoto kilipokea taarifa zaidi ya milioni 36 kutoka dunia nzima mwaka 2023, na taarifa zinazoelekea nchi fulani hupelekwa kwa polisi wa nchi hiyo wazifuatilie. Huku kwetu mzigo huo unabebwa na kitengo cha Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) cha kupambana na ulanguzi wa binadamu na kulinda watoto, ambacho ofisi yake ya pwani iko Mombasa. Simu iliyokamatwa Watamu haifunguliwi kwa kubahatisha nywila. Inahitaji mashine, programu ambazo leseni zake hulipiwa kila mwaka, mpelelezi aliyesomea kazi hiyo, na mtu wa kumsikiliza mpelelezi huyo baada ya kutwa nzima ya kutazama mambo ambayo hakuna mzazi angetaka kuyaona. Leseni ikimalizika na isilipwe, mashine inabaki pambo la mezani.

Nani amekuwa akilipa? Kwa sehemu kubwa, si sisi. Agosti 2018 Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, alitangaza akiwa Nairobi kwamba nchi yake ingegharamia kituo cha kupambana na picha za dhuluma dhidi ya watoto mitandaoni. Kituo kilikuja na kimesaidia, na shukrani zinastahili kutolewa. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, na mwezi uliofuata Uingereza ikatangaza kupunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Serikali hizo zina haki ya kupanga fedha za raia wao. Kosa ni letu, tuliouacha ulinzi wa mtoto wa Mtwapa utegemee kura inayopigwa Westminster.

Tazama hesabu zetu wenyewe. Sheria ya 2010 ilianzisha mfuko wa taifa wa kuwasaidia waathiriwa wa ulanguzi, na ripoti ya Marekani kuhusu ulanguzi wa binadamu ya mwaka 2020 ilirekodi kwamba serikali iliutengea shilingi milioni 20. Fedha hizo zikigawanywa kwa kaunti 47, kila kaunti inapata kama shilingi 425,000 kwa mwaka mzima, kwa malazi, matibabu, ushauri na usafiri wa kila mhanga. Faini ya chini kabisa ya mlanguzi mmoja ni milioni 30, kwa hiyo mfuko wa nchi nzima ulikuwa mdogo kuliko faini ya mhalifu mmoja. Na mfuko huo si jambo la huruma tu, kwa sababu mtoto asiye na mahali salama pa kulala anarudishwa nyumba ile ile aliyodhulumiwa, na akirudi huko hawi shahidi tena. Upande wa pili, Huduma ya Taifa ya Polisi imekuwa ikitengewa zaidi ya shilingi bilioni 100 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Ukifungua makadirio utakuta upelelezi wote wa jinai umewekwa kama programu ndogo moja: wizi wa mifugo, utapeli wa benki, mauaji na watoto, wote kapu moja. Kitu kikishakuwa kapu moja, mwenye sauti ndogo ndiye anayepata cha chini, na kwenye meza ya bajeti hakuna mwenye sauti ndogo kuliko mtoto wa miaka 13.

Gharama ya kutotoa pesa mapema tumeishaiona, na tumeiona Kilifi. Mkasa wa msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, haukuwa kesi ya utalii wa ngono, wala sitaki kuyachanganya mambo. Lakini kwa swali la polisi kufuatilia dalili za dhuluma dhidi ya watoto, hakuna somo kubwa kuliko hilo. Mhubiri huyo, Paul Mackenzie, alikamatwa mwaka 2017, akakamatwa tena 2019. Machi 2023 alikamatwa kuhusiana na watoto wawili waliokufa kwa njaa, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa, na hatimaye miili zaidi ya 400 ikatolewa ardhini. Februari 2024, mahakamani Malindi, yeye na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, mashtaka waliyoyakana. Zingatia jambo hili dogo: kesi ya kuonyesha filamu bila kibali iliyotokana na matukio ya 2019 ilimalizika Desemba 2023, kwa kifungo cha mwaka mmoja. Ilichukua muda mrefu hivyo, na katikati yake msitu ulikuwa umeshajaa makaburi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliwalaumu maafisa wa usalama wa Malindi kwa uzembe, na ni haki kusema kwamba uzembe hauponyeshwi na pesa peke yake. Ila hebu tulinganishe. Timu ndogo yenye gari, afisa wa watoto na amri ya kufuatilia kwa nini watoto wanatolewa shule ingegharimu kiasi gani mwaka 2019? Ufukuaji, upasuaji wa mamia ya miili na vipimo vya DNA vilichukua muda mrefu kiasi kwamba familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Fedha zilipatikana. Zilipatikana watoto wakiwa wameshakufa.

Kuna wanaosema pesa zaidi kwa polisi ni pesa za kuliwa. Ni hoja nzito, wala haitoki hewani. Mkenya wa kawaida ana sababu ya kuhofu. Lakini kuna pesa zinazoliwa kirahisi na pesa zisizoliwa kirahisi. Bilioni zilizoandikwa "shughuli za usalama" hazina anayezihesabu. Lita za mafuta zilizotengwa kwa kupeleka sampuli Mombasa, zikiandikwa pamoja na namba ya kesi, tarehe na stakabadhi ya Mkemia, anaweza kuzihesabu hata karani mgeni, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atazihesabu bila shida. Tena rushwa ndogo ya kituoni inalelewa na ukata huo huo. Askari anayesema "toa ya mafuta" mara nyingine anasema kweli, na siku nyingine anasema uongo, na mwananchi hana namna ya kutofautisha. Mafuta yakilipwa na serikali na ikabandikwa ukutani kwamba yamelipwa, uongo huo hauna tena pa kujificha. Marekani ilizitengea fedha kazi ya namna hii kwa sheria ya mwaka 2008 inayogharamia vikosi 61 vya kuchunguza uhalifu wa mitandaoni dhidi ya watoto, fedha zikiwa na jina na kazi inayotolewa taarifa. Hatuna utajiri wao. Kuzipa fedha jina hakudai utajiri.

Hoja ya pili inasema shida ni umaskini: lipeni karo, lisheni watoto shuleni, na biashara hii itakufa yenyewe. Karo ilipwe, na uji upikwe. Serikali ya kaunti ina wajibu wake huko, na pia katika hospitali za Malindi na Kilifi, ambako bahasha na daktari ni mzigo wake. Polisi ni mzigo wa serikali kuu. Hizi ni hazina mbili, na moja haiwezi kujificha nyuma ya nyingine. Hata hivyo umaskini unaeleza kwa nini mtoto alifika pale. Hauelezi kwa nini mwanamume mzima aliona ni salama kumchukua. Utafiti ule wa 2006 ulikuta zaidi ya robo tatu ya waliohojiwa wakiichukulia biashara hiyo kama jambo la kawaida, na mazoea hayo yanalelewa na kutokamatwa. Anayenunua anajua hatari yake ni ndogo. Vijiji maskini viko kila pembe ya dunia, na havifanani kwa dhuluma, kwa sababu havifanani kwa uwezekano wa mhalifu kukamatwa.

Wapo pia wanaohofia utalii wa Malindi, kwamba upelelezi mkali utawafukuza wageni. Mgeni anayefukuzwa na upelelezi wa namna hii tunamfungia mlango kwa furaha. Familia zinazokuja kuona miamba ya Watamu na magofu ya Gede hazihitaji polisi walale. Na upelelezi huo usiishie kwenye hoteli kubwa, ambazo zina mlinzi na kitabu cha wageni. Majumba ya kukodisha yaliyo nyuma ya kuta na miti ya mchongoma hayana hata kimoja, na kaunti, yenye mamlaka juu ya utalii wa mashinani, inaweza kuyadai leseni na orodha ya wageni bila kungoja Nairobi.

Turudi kwenye ile asilimia 38. Mahakama ya Birmingham ilimfunga Mwingereza mmoja zaidi ya miaka 17 mwaka 2015 kwa watoto aliowadhulumu Gilgil. Mahakama ya Pennsylvania ilimfunga Mmarekani miaka 15 na miezi 8 mwaka 2021 kwa watoto wa makao ya mayatima Bomet. Italia nayo ina sheria tangu 1998 inayomfikia raia wake aliyedhulumu mtoto ng'ambo. Katika kesi hizo mbili walipa kodi wa Uingereza na Marekani waligharamia haki ya mtoto wa Kenya. Lakini hakuna polisi wa Birmingham atakayekuja kumkamata mfanyabiashara wa Mtwapa, wala mwalimu wa Ganze, wala mwenye gari wa kutoka Nairobi aliyekuja likizo ya Desemba. Kwa hao, asipokuwepo mpelelezi wa Kenya mwenye gari la Kenya na mafuta ya Kenya, hakuna mtu.

Na hili si jambo la hisani. Mei 2013 Mahakama Kuu mjini Meru, katika kesi iliyoletwa kwa niaba ya wasichana ambao polisi hawakushughulikia malalamiko yao ipasavyo, iliamua kwamba uzembe huo ulivunja haki zao za kikatiba. Kwa hiyo kazi ya upelelezi ni haki ya mtoto, na haki haiwezi kukosa fungu.

Kinachotakiwa ni kidogo na kinatajika: fungu la kitengo cha watoto lenye jina lake ndani ya bajeti ya DCI, maafisa wake wakae Malindi na Kilifi badala ya kungojwa kutoka Mombasa, mafuta na bahasha za sampuli, leseni za programu zilipwe na Hazina, nauli ya mtoto na mzazi wake kila siku ya kesi, na mfuko wa waathiriwa uongezwe hadi uwe na maana kwa kaunti yenye watu 1,453,787 kwa sensa ya 2019. Katiba, kifungu cha 221, inataka makadirio yafike Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kabla ya Aprili kumalizika, na inaitaka kamati ya Bunge isikilize maoni ya wananchi. Kilifi ina wabunge saba, seneta mmoja na mwakilishi wa wanawake mmoja. Waulizwe, kila mmoja kwa jina lake, fungu hilo liko ukurasa wa ngapi. Na anayejua mtoto aliye hatarini leo asingoje Aprili: namba ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na kupiga ni bure.